Damu Haikwenda Jandoni

Kezia hupima damu katika hospitali moja mjini Mugumu. Mwanaume akisema anaumwa "kidogo tu", hamwamini. Wanaume wa huku walifundishwa jandoni kutoonyesha maumivu.

"Lakini damu haikwenda jandoni," husema.

Juzi mzee Athanas, mfugaji wa Kenyamonta, alikuja akitembea wima. Daktari alishuku kidole tumbo, ila mzee akasema kinauma kidogo. Kezia alipohesabu chembe nyeupe za damu, zilikuwa mara mbili ya kawaida. Akamkimbilia daktari.

"Huyu asisubiri kesho."

Walikitoa kikiwa karibu kupasuka. Asubuhi Kezia akapita wodini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani alikuambia naumia?"

"Damu yako."

Mzee akageukia ukutani.

"Siku nne kule nyumbani," akasema taratibu, "nilitamani mtu aniulize mara ya pili."