Taa Usawa wa Goti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kandili kabla ya kupewa sare. Ilikuwa Kirotshe, gatini kando ya ziwa, mwishoni mwa miaka ya arobaini, nami nilikuwa kijana wa Kibua ambaye hakuwa ameona maji mapana kuliko mito ya msitu wa kwao. Aliyenikabidhi alikuwa Kapita, mkuu wa waongozaji, mtu wa milima ya Masisi aliyependa kuuliza.

“Weye wa Kibua, unajua kuogelea?”

“Hapana, Papa Kapita. Kwetu iko pori.”

“Njo vizuri. Asiyejua kuogelea atabakia karibu na taa yake.”

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vedeti, mashua ya injini yenye paa na viti, iliwachukua wageni wa hoteli za ziwani na kuwazungusha katika visiwa vidogo vilivyozaliwa na volkano. Huko waliwaona minandi, ndege weusi wapigao mbizi, wakianika mbawa juu ya mawe ya lava. Walimwona fisi-maji akila samaki huku akielea chali, na popo wakubwa wakining’inia mitini kama matunda. Kisiwa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa ukingo wa kasoko ya kale, yaani kinywa cha volkano, uliopinda kama mwezi mchanga. Chini ya ukingo kulikuwa na kibonde cha majani mabichi, na humo ndimo ilimotuama mazuku.

Mazuku ni hewa nzito, isiyo na rangi, itokayo katika nyufa za ardhi ya volkano na kujaa mabondeni kama maji bakulini. Mtu aliyesimama huweza kuwa salama mahali ambapo ndege akitua hainuki tena. Kwa hiyo mwongozaji alitangulia na kandili aliyoishika usawa wa goti. Mwali ukififia, msafara mzima ulirudi.

“Hii taa njo mukubwa yako,” Kapita aliniambia. “Ikizima unarudia nyuma, hata kama Direkta iko anakuita mbele.”

Direkta, mkuu wa safari zetu, hakupata kuniita mbele. Alikuwa Mbelgiji mkimya aliyewakataza wageni kuwarushia popo mawe. Alinipeleka Sake kuwapokea wageni waliofika kwa barabara, kisha akanirudisha Kirotshe nikiwa mwongozaji kamili. Kabla ya kila msimu alimruhusu mwongozaji mmoja kumleta ndugu yake chomboni. Zamu yangu ilipofika, nilimleta Mama.

Alikuja kwa kamio, lori la mizigo, hadi Sake. Alikuwa Mkristo wa miaka mingi, lakini desturi moja ya wazee wetu hakuiacha: akikanyaga udongo mgeni, alipiga magoti, akainama hadi paji la uso liguse ardhi, akashukuru. Tangu abatizwe, aliyemshukuru ni Mungu.

“Mama,” Kapita alimtania njiani, “mutoto yako anaogopa maji sawa paka.”

“Paka anajua fasi yake, Papa. Kama haukumupenda, ungemurudisha Kibua.”

Tuliposhuka kwenye kisiwa kile cha kasoko alitazama miguu yake. “Hii iko jiwe tupu. Udongo iko wapi?” Sikulitilia maanani swali lile. Tulitembea kwa mstari, mimi mbele, Mama, Kapita na Direkta nyuma, taa ikiwaka vizuri gotini pangu, hadi pembeni mwa kibonde majani yalipoanzia. Nikanyoosha mkono kuonyesha popo. Nilipogeuka, Mama alikuwa amekwisha kuinama juu ya udongo, paji la uso chini, naye hakuinuka.

Nilishusha taa kumfuata. Ilizimika chini kidogo tu ya goti.

“Usiiname,” Kapita alisema nyuma yangu, kwa sauti ileile ya kila siku. “Ukiinama, mutakuwa wawili. Funga pumzi, simama.” Alikuwa na mti wenye ndoano, ule wa kuvutia vedeti gatini. Akaipitisha ndoano katika mkanda wa kikwembe cha Mama, kitenge alichojifunga, akamwinua hadi nikaweza kumshika bila kuinama. Tukampandisha ukingoni, penye upepo. Direkta alivua kofia akampepea.

Mama alikohoa, kisha akafumbua macho.

“Sikumaliza.”

“Pumuzika, Mama.”

“Nilikuwa nafika tu ku jina yako.”

“Ungemaliza,” Kapita alisema, “ungemuambia Mungu uso kwa uso.”

“Njo angesikia vizuri,” akajibu, nasi tukacheka, mimi nikilia.

Direkta aliamuru turudi mara moja, na Mama hakupata kukiona kisiwa kile tena. Kanuni yetu ilikuwa imepimwa kwa mtu anayetembea. Hakuna kati yetu aliyemfikiria mtu anayeshukuru. Tangu siku ile kandili ilishikwa usawa wa kifundo cha mguu, na wageni walisimama ukingoni tu. Waongozaji wote, hata wasiomjua, walipaita mahali pale Kwa Mama.

Ninyi mnaoanza kazi leo, natamani mpate wakubwa kama niliowapata. Siku yangu ya mwisho kazini niliomba kushushwa kisiwani kule. Mama alikuwa amezikwa Kibua, na Kapita alikuwa amestaafu. Nilipanda ukingoni, nikaiweka kandili juu ya udongo wenyewe, nikaungoja mwali utulie. Kisha nikapiga magoti, nikainama hadi paji la uso liguse ardhi, nikaanzia pale Mama alipokomea: nikataja jina langu, la Kapita, la Direkta, na la mwisho lake yeye. Nilipoinua kichwa, taa ilikuwa ingali ikiwaka.