Samaki Sifuri, Raha Tano

Saa nne usiku nilianza kusikiliza hatua za watu barabarani. Mwanangu huburuta kidogo mguu wa kulia, hivyo namtambua akiwa bado mbali, na usiku ule kila aliyepita alikuwa na miguu mizima. Saa sita nikampigia simu. Ikalia chumbani kwake, juu ya kitanda, chini ya shati alilovua. Huwa haendi nayo bwawani. Anasema simu inatisha samaki. Mimi humwambia inatisha mama pia, ikiachwa nyumbani.

Ana miaka thelathini na minne. Mwanamke mwingine angezima taa akalala, lakini mimi sijaumbwa hivyo. Nilikaa jikoni na khanga yangu mabegani, nikaanza kumfikiria tangu mwanzo, kama mtu anayetafuta ufunguo kwa kurudia kila alipopita.

Msemaji wa nyumba yetu alikuwa baba yake. Alipofariki, mtoto akiwa na miaka tisa, tulibaki watu wawili tusiojua nani aanze. Tukazoea. Asubuhi aliniamkia, jioni akaniuliza kama nimekula, na katikati hapo kila mtu na yake. Shuleni walimu walisema ni mtoto mzuri, ila hawakumbuki sauti yake.

Alijifunza kutengeneza majokofu kwa fundi mmoja mkali, na sasa ana chumba chake cha kazi nyuma ya duka la magodoro. Majokofu ya watu yamepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Hamwulizi mteja maswali mengi. Anainama, anaweka sikio kwenye mota, anasikiliza, kisha anasema neno moja: gesi. Au: waya. Huwa hakosei. Wateja wamempa jina la Baridi, na sijawahi kujua kama ni kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya tabia.

Mke hana. Marafiki hakuwa nao, mpaka miaka minne iliyopita alipoanza kwenda kuvua kwa ndoano kwenye bwawa la maji ya mji. Huko alikutana na Bomba.

Bomba ni fundi wa mabomba, mgane wa miaka hamsini na kitu, na maneno yake hayana koki. Jumamosi na Jumapili walikaa wote ukingoni mwa bwawa, mmoja akisema, mwingine akitazama kielea cha ndoano majini. Jioni walipita kwangu wamechomwa na jua.

"Mama Baridi," Bomba aliita kutoka mlangoni, "leo tumewapa samaki likizo!"

"Saa kumi zote? Hata mmoja?"

"Tulimwona mmoja. Naye akatuona. Tukaachana kwa amani."

Mwanangu alicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Sikuelewa mtu anavyoweza kuondoka alfajiri, akarudi magharibi mikono mitupu, na uso umeng'aa. Niliona anapotea. Niliona umri unakwenda. Kwa hiyo nikawa namchokoza, nikidhani namsukuma mbele.

"Wenzako wanaleta samaki wa kujaza karai," nilimwambia. "Wewe unaleta jua la shingoni."

Jumapili moja alileta watatu, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati. Aliwaweka kwenye sahani mbele yangu.

"Hawa ni samaki," nikamwuliza, "au ni chambo cha kesho?"

Aliwasafisha mwenyewe kwenye ndoo, akaingia kulala. Nilidhani nimetania.

Wiki iliyofuata alileta kambale. Alimfunga kwenye gunia nyuma ya baiskeli na mkia ulikuwa umening'inia nje. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Jirani yangu muuza mitumba akatoa simu, nikamwambia mwanangu amshike samaki vizuri, amwinue, atabasamu. Alimshika kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wengine. Ndoano ilikuwa bado mdomoni mwa samaki, hakuwa amewahi kuitoa. Nikamwambia jirani, "Mtumie picha hii kila unayemjua." Naye hakuhitaji kuombwa mara mbili.

Kuanzia hapo samaki hawakukoma. Sita, tisa, kumi na wawili. Friza likajaa mpaka barafu ikakosa nafasi. Mwanangu akawa anatoka mapema zaidi na kurudi amechelewa zaidi, na Bomba hakupita tena. Nilipouliza, niliambiwa ana kazi nyingi. Nikaridhika. Nilijiambia, sasa ndiyo amejua kuvua, sasa anafurahi. Niliona amekonda, nikasema ni jua.

Hayo ndiyo niliyoyawaza mpaka kukakucha. Alfajiri nilifunga mlango, nikachukua pikipiki mpaka bwawani.

Mlinzi wa bwawa ni mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alikuwa kibandani kwake akipaka buti rangi.

"Baridi? Jana hakuja, mama."

Nilianza kulia. Aliniwekea kigoda. Nadhani hakujua amfanye nini mama anayelia saa moja asubuhi, kwa hiyo akachukua daftari lililofungwa kwa kamba mezani, akasema, "Hebu tuone alikuja lini mara ya mwisho."

Nikauliza daftari ni la nini. Akanieleza kuwa watu wa idara ya maji wanataka kujua kama waongeze vifaranga vya samaki. Kila mvuvi anapotoka huandika jina, idadi ya samaki, urefu wa mkubwa wao, na mwisho raha aliyoipata siku hiyo, kuanzia moja mpaka tano.

"Wengi raha yao inafuata samaki," alisema. "Wakipata wengi, tano. Wakikosa, moja, na tusi pembeni. Lakini mwanao na Bomba walikuwa wananiharibia hesabu. Tazama."

Nilivaa miwani. Sikusoma sana, lakini tarakimu nazijua. Nikashuka na kidole. Baridi: sifuri, na raha tano. Bomba chini yake: sifuri, tano. Wiki nyingine: sifuri, tano. Sifuri, tano. Siku ya wale watatu wa kidole: tatu, na raha tano. Miaka minne ya hivyo, ukurasa kwa ukurasa.

Nilifika siku ya kambale. Samaki mmoja, sentimita tisini na sita. Raha: moja.

Baada ya hapo, sita, raha moja. Tisa, raha moja. Kumi na wawili, na raha moja imeandikwa kwa kukandamiza mpaka kalamu imetoboa karatasi. Jina la Bomba halikuwepo tena chini yake.

"Kulikuwa na nini siku hii?" nikauliza.

Mlinzi aliweka brashi chini. "Kosa lilianzia kwangu, mama. Koki yangu hii ilikuwa inavuja, nikamwita Bomba aje anitazamie. Akamwachia mwanao fimbo yake ya kuvulia. Hapa tuna sheria moja. Ukimwachia mwenzio fimbo na samaki akashika, mwenzio atavuta, lakini samaki ni wako. Hata mtoto mdogo hapa anaijua. Bomba aliporudi, mwanao akamwambia samaki ameshika, ni mkubwa, amekata mshipi wa ndoano na kwenda zake. Bomba alijipiga paja, akacheka mpaka machozi. Akaandika sifuri, tano, akaondoka. Mwanao akabaki nyuma. Baadaye akaja na gunia alilolificha kwenye matete, nikampimia samaki wake, nikampongeza. Mimi nilijua nini?"

"Bomba alijuaje?"

"Picha ilimfikia. Yule hufunga ndoano zake kwa utepe mweupe, ule wa kuzibia mabomba. Hakuna mwingine hapa anayefunga hivyo. Akaja kunionyesha kwenye simu. Hakugomba. Alikunja fimbo yake, akaenda, na mpaka leo hajarudi."

Nilivua miwani. Picha ile ilitoka nyumbani kwangu, kwa amri yangu.

Nikamwuliza Bomba anakaa wapi. Akanielekeza: nyuma ya kinu cha kusaga, nyumba ya vyumba vilivyopangwa mstari, mlango wa mwisho.

Nilimkuta mwanangu amekaa kizingitini, mgongo umeegemea mlango uliofungwa. Umande ulikuwa umemlowesha nywele. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia, nikashindwa kuchagua.

"Mama. Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe! Usiku kucha sijalala. Yumo?"

"Yumo. Tangu jana jioni. Nikibisha anaongeza redio."

Nilikaa kando yake. Kisha nikamwuliza kwa nini alimchukua samaki wa mwenzake. Alijibu kwa sauti ile ile anayotumia kutaja ugonjwa wa jokofu.

"Uliniuliza kama ni samaki au ni chambo."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliinuka nikabisha.

"Fundi, ni mimi, Mama Baridi. Ile picha niliisambaza mimi. Na aliyetaka samaki mkubwa ni mimi. Yeye alikuwa ametosheka. Nimeona daftari, alikuwa ametosheka kabisa."

Redio ikapandishwa. Mtangazaji alikuwa anasoma matokeo ya mpira. Nikabisha tena, nikasema tena, safari hii paji langu la uso likiwa juu ya mbao. Mwanamke wa chumba cha jirani alitoka na beseni, akanitazama, akarudi ndani. Nilisema mpaka maneno yakaniisha.

Redio ikazimwa.

"Mama Baridi," sauti ya Bomba ilitoka ndani, karibu kuliko nilivyodhani, "nenda nyumbani kapumzike. Sina ugomvi na wewe."

"Na yeye?"

Bomba akasema, "Muulize alivutaje."

"Nani?"

"Samaki! Muulize samaki alivutaje. Friza lako, mimi sina shida nalo. Urefu wake sina shida nao. Nimevua miaka ishirini, samaki kama yule ameshika fimbo yangu mara moja, na mimi niko kibandani nakaza koki ya mtu! Miezi miwili nalala nawaza alivutaje. Aliyejua ni mmoja tu, na aliniambia uongo."

Nilimgeukia mwanangu. Alikuwa ameshasimama. Aliweka kiganja mlangoni, akainamisha kichwa, sikio kwenye mbao, kama afanyavyo kwenye mota, na akaanza kusema.

Alisema kielea hakikuzama. Kilitembea. Kilikwenda pembeni polepole kama mtu anayetoka mkutanoni bila kuaga. Alipoinua fimbo alidhani amenasa kwenye mti, mpaka mti ukageuka. Alisema mikono ilimtetemeka hadi mabegani, na kwamba samaki hakuvuta kwa hasira, alivuta kwa uzito, anapumzika, anavuta, anapumzika.

"Ulimpa mshipi?" Bomba aliuliza.

"Nilimpa."

"Kiasi gani?"

"Wote."

"Wote? Mjinga wewe! Na gogo la kushoto?"

"Aliliendea. Nikashuka majini mpaka kiunoni, nikamzunguka."

"Na viatu?"

"Na viatu."

Ndani kulitoka kitu kama kikohozi, au kicheko kilichokatazwa. Mwanangu aliendelea. Alieleza dakika baada ya dakika, mzunguko baada ya mzunguko, na mimi nilisimama nyuma yake nimeshika ncha za khanga. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu zilizofuatana.

"Nilipomfikisha kwenye matope nilifungua mdomo nikuite," alisema mwisho. "Jina lako lilikuwa hapa kooni. Halafu nikafikiria nyumbani."

Nilitazama chini, vidole vyangu vya miguu, vumbi la njiani.

Kinu kilianza kusaga. Kisha komeo likavutwa, mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita, na Bomba akasimama pale na fulana ya ndani, ndevu za wiki nzima, macho mekundu. Alimtazama mwanangu kuanzia viatuni kwenda juu.

"Ulisema anapumzika, anavuta. Anapumzika kwa muda gani?"

"Kama wa kuvuta pumzi tano."

"Ingia unionyeshe kwa mkono."

Mwanangu akaingia. Sijui kama walisahau kuwa nipo, au kama walikumbuka vizuri sana. Mlango ulirudishwa, na nikasikia komeo likirudi mahali pake. Ndani mwanangu aliendelea kusimulia kwa sauti ambayo nyumbani kwetu hajawahi kuitumia, nami nikabaki nje nikimsikiliza.