Bega Langu na Gobole la Baba

Juzi, nyumbani Kiegei, baba alishika kikombe kwa mikono miwili na chai ikamwagika. Nikakumbuka alasiri ile, nikiwa mtoto, nguruwe pori walipoingia kwenye mihogo yetu. Baba alitafuta mahali pa kuegemeza gobole. Kichuguu kilimomonyoka, tawi la mkorosho likayumba. Akaniita, akaweka mtutu begani kwangu.

“Binti yangu, usipumue.”

Nikabana pumzi. Mtutu ulinitetemekea shingoni. Mlio ukaniziba masikio, baruti ikanuka, nguruwe wote wakakimbia.

“Umetikisika,” baba alisema.

Nililia, nikaomba msamaha. Miaka yote niliamini ni mimi niliyetikisika.

Juzi nilipopangusa chai mkekani, baba aliitazama mikono yake.

“Umenitikisa,” akasema.

Sikuwa nimemgusa. Nikamwomba msamaha tena.