Kokoto za Kijani

Mama yangu hakwenda pwani kutazama bahari. Nilipomfikisha ufukoni aliitupia jicho mara moja, akasema kweli maji ni mengi, kisha akauliza hoteli iko upande gani.

Hoteli hiyo nimelelewa nayo. Kabla sijazaliwa, mama alikuwa akivunja mawe kwa nyundo kwenye machimbo ya Kajiado, kokoto nyeupe za kutengenezea sakafu ya terazo. Siku moja dereva wa lori alimwambia mzigo ule unapelekwa kwenye hoteli kubwa ya pwani, akaitaja kwa jina. Tangu hapo hoteli ikawa yake. Wenzake wa kanisani walimpachika jina la Mama Hoteli, wakawa wanamuuliza atawaalika lini. Nami nilidhani anatia chumvi.

Tulikuta gofu. Milango ilikuwa imeng'olewa, na madirisha, na masinki, hata nyaya za ukutani. Mchanga ulikuwa umejaa ukumbini. Moyo ulinishuka, nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza mama.

Mlinzi alitokea na rungu, shuka jekundu begani.

"Hapa hakuna ruhusa. Hii nyumba inaweza kuwaangukia."

Mama alimtazama masikio yaliyotobolewa, akatabasamu. "Sisi tumetoka Kajiado."

Uso wa jamaa ulibadilika papo hapo. "Takwenya, yeyo!" akamwamkia kwa Kimaa, akimwita mama.

"Iko," mama akaitikia salamu. Mama ni Mkamba, lakini Kimaa alikiokota palepale machimboni. Mlango ungekuwepo, naamini yule bwana angetufungulia.

Ndani mama alivua viatu, akavunja tawi la mvinje uliochungulia dirishani na kuanza kufagia. Nilimwambia apumzike kidogo, goti lisije likamsumbua.

"Natafuta kijani," akasema.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema hata kanisani. Msimamizi alitaka nyeupe tupu, mawe ya kijani yatupwe. "Mimi nikaona hiyo nyeupe peke yake haina maana. Kwa hivyo kila gunia nilikuwa naweka mkono moja ya kijani, hapo katikati, asione."

Mlinzi akaleta mtungi wa maji. Nilimwaga, nikasugua kwa sweta yangu. Nyeupe. Tukasogea karibu na ngazi, nikasugua tena. Nyeupe. Mama akazidi kufagia mbele yangu. Kama kijani isingeonekana, angerudi nyumbani akiwa hana hoteli tena.

Tulihamia pale wageni walipokuwa wakipokelewa. Nilimwaga maji yaliyobaki, vumbi likatiririka, na kokoto za kijani zikajitokeza, mbichi kama sukuma baada ya mvua, zimetapakaa hadi ukutani. Mama alipiga kigelegele mpaka popo wakaruka.

Nilijivunia mama yangu siku ile kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Wezi walikuwa wamebeba kila kilichobebeka katika nyumba ile, lakini kazi yake iliwashinda.

Mlinzi naye alikuwa meno nje. Akaokota kipande cha nondo. "Yeyo, nikutolee moja uende ukawaonyeshe?"

"Wachana nayo!" mama akamkemea. "Nirudi Kajiado nimebeba mawe ya Kajiado, nani ataniamini?"

Tulicheka sote. Kisha akaniamuru nimpige picha, lakini si ya uso, ya miguu yake ikiwa imekanyaga kijani.

Picha hiyo sasa iko ukutani kwangu Kitengela. Mgeni akiingia, hata kabla hajaketi, namwonyesha na kumwambia, "Hii sakafu ni ya mama yangu." Mama akiwepo hunikatiza.

"Mwambie waliniambia nitupe."