Wodi Iliyojengwa kwa Udongo wa Matongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa ofisi yetu ya Mwanza hakunionyesha meza wala kiti. Alinipakia kwenye gari hadi Misungwi, kwenye tanuri la matofali lililokwisha kupoa, akachukua matofali mawili akayagonganisha karibu na sikio langu. Yalilia kama chuma. Akachukua mengine mawili. Hayo yalitoa sauti iliyozimika, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

"Haya ya pili moto haukuyafikia. Ukiyajengea msingi yatakunywa maji masika nzima, kisha yatakuangushia nyumba. Kazi yako ni kusikiliza. Kuandika hakutakushinda, nyie wasomi hamshindwi kuandika."

Nilikuwa fundi sanifu, msichana wa Bukoba, na kwa miaka mingi ukaguzi wangu ulikuwa huo: kugonga, kusikiliza, kupima unyoofu wa ukuta kwa timazi, yaani kamba yenye uzito mwishoni. Sikuwa na sababu ya kuliogopa tofali. Nilichoona kikiisha ni miti ya vilimani. Kila tanuri lilidai magogo, na kila mwaka wachomaji walikwenda mbali zaidi kuyatafuta.

Baadaye nilikwenda kusoma shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, nikatafiti namna jengo linavyoweza kubaki na ubaridi bila umeme. Niliporudi, ofisi ilikuwa chini ya Mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi, mwenyeji wa Kagera kama mimi, na serikali ilikuwa imetoa mwongozo mpya. Majengo ya umma ya ukanda wetu yajengwe kwa matofali ya kushindiliwa: udongo unachekechwa, unachanganywa na saruji kidogo, unabanwa kwenye mashine ya mkono, kisha tofali linafunikwa na kumwagiliwa mpaka likomae. Haliuoni moto. Kazi ya kushindilia wapewe vikundi vya wenyeji, wakiwemo waliokuwa wakichoma matofali, kwa kuwa matanuri yangefungwa.

Niliuunga mkono mwongozo ule kwa moyo wote, na sijaacha. Nawaomba wasomaji vijana walishike hilo, maana nitakayoyaeleza yanaweza kufikiriwa kuwa hoja ya kuupinga.

Kiongozi wa kikundi cha Misungwi alikuwa Nyamizi, mjane wa rika langu, aliyerithi tanuri la mumewe na kuliendesha mpaka lilipofungwa.

"Mama Injinia," aliniambia tulipokutana mara ya kwanza, kwenye mafunzo ya kikundi, akiwa amening'inia kwenye mkono wa mashine kwa uzito wake wote, "serikali imenizimia moto, imenipa chuma cha kubembea. Uzeeni nimerudishwa utotoni!"

Wenzake walicheka. Lakini matofali yake yalinyooka, na kipimo cha kudondosha alikifanya bila kukumbushwa: tonge la udongo linaachiwa kutoka kifuani, likipasuka vipande vichache unyevu unafaa, likisambaratika udongo ni mkavu.

Jengo lao la kwanza lilikuwa wodi ya wazazi ya kituo cha afya. Mwongozo ulitaka udongo utoke jirani ili lori lisiteketeze mafuta, usitoke shambani kwa mtu, wala mti usikatwe. Mkuu wa Kitengo alipata kiwanja kilichotimiza yote.

"Hakilimwi, hakina miti, kiko jirani," alisema kikaoni. "Mnataka nini tena, pepo?"

Mimi sikuwa kwenye mradi ule wakati wa ujenzi. Niliitwa wodi ilipokamilika, kwa sababu haikuwa na watu. Mganga Mfawidhi, kijana aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, alinipokea mlangoni akiwa na aibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tatizo nini?"

"Wanaingia, wanalala kidogo, wanatoka. Wanakwenda kujifungulia jengo la zamani linalovuja. Wanasema wodi inahema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nina kazi nyingi nje, mama."

Niliingia peke yangu asubuhi. Ilikuwa wodi nzuri: kuta nene, sakafu ya baridi, na katikati ya paa bomba la hewa, yaani mnara mwembamba unaovuta joto lipande na kutoka. Nilitundika uzi kwenye tundu la hewa ukutani ili nione mwendo wa upepo. Jua lilipopanda, upepo wa nchi kavu ukatulia, na kabla ule wa ziwani haujafika kukawa na kimya kizito. Hapo ukuta ukavuta pumzi. Ikakaa. Ikatolewa taratibu, kama ya mtu aliyelala ambaye hutaki kumwamsha. Uzi ulikwenda ndani ukarudi nje.

Nilifurahi, nakiri. Pepo hizo mbili, za nchi kavu na za ziwani, zinapopokezana, bomba huvuta hewa kwa mikupuo. Hilo nilikuwa nimeliandikia tasnifu. Ili kuthibitisha nikamwomba mlinzi apande paani azibe bomba kwa turubai, nikafunga madirisha na mlango. Uzi ulisimama.

Sauti haikusimama.

Niliweka kiganja ukutani. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu ili nisiyachanganye na sauti ile. Hayakulingana nayo. Nilifikiria mabati yanayotanuka kwa jua, panya, na maji kwenye bomba la choo, ambacho kilikuwa hakijaunganishwa. Mpaka leo, kila maelezo ninayoyapata yanahitaji kitu ambacho asubuhi ile hakikuwepo. Nilitoka nikitembea kawaida, kwa sababu nilijua wanawake waliokuwa chini ya kibaraza cha jengo la zamani wananitazama miguu.

Nyamizi alikuwa nyuma ya wodi, karibu na chekecheke. Pembeni palikuwa na lundo la vitu vilivyokataa kupita kwenye matundu yake: vigae vya vyungu, shanga, na vipande vyeupe ambavyo hakuna aliyevitaja jina.

"Umewasikia," alisema. Hakuuliza.

"Kina nani?"

"Udongo huu umetoka itongo la kwetu, mama. Ukoo ulikaa pale kabla ya kuhamia barabarani. Wazee wetu wamezikwa pale, babu yangu, bibi yangu. Ndiyo maana halilimwi."

Ndipo nikaelewa jinsi Mkuu wa Kitengo alivyoona. Kwetu Kagera marehemu hulala migombani, na tunapalilia tukiwapita. Ardhi isiyolimwa, machoni petu, ni ya mvivu au haina mtu. Pale Misungwi ililala wazi kwa sababu ina watu.

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Lori lilikuja limeshaamriwa. Na mimi tanuri langu limefungwa, nyumbani wanataka kula. Nikashindilia. Kila tofali niliwaamkia kwanza, ndipo nikabana." Akafuta mikono kwenye kanga. "Usiandike wavunje. Wakivunja, wazee wanatupwa jalalani, na sisi hatupewi madarasa yanayofuata."

Niliandika nilichoamini: kuta ni imara, wodi ifunguliwe, na udongo wa itongo lolote usichimbwe tena pasipo ukoo wenyewe kuridhia.

"Nimwambie Mkurugenzi wa Halmashauri kwamba jengo linahema?" aliuliza Mkuu wa Kitengo.

"Mwambie udongo uombwe."

"Ukianza kuomba udongo Misungwi, mama, utajenga kwa mate?"

Pendekezo lilikubaliwa, na hofu ya Mkuu wa Kitengo ikatimia. Ukoo ulikuja wodini, ukamwaga pombe kwenye pembe za kuta na kuwaeleza wazee walipo. Wanawake wakaanza kuingia. Wanaamkia ukuta, "Shikamoo," ndipo wanapanda kitandani, na joto la kiangazi haliwasumbui. Lakini ukoo haukuridhia itongo lichimbwe tena, na madarasa yalijengwa kwa udongo ulioletwa kwa malori kutoka upande wa Kigongo, yakiunguza mafuta ambayo mwongozo ulitaka yaokolewe, na kazi ikaenda kwa kikundi cha huko. Mashine ya Nyamizi ilifunikwa gunia.

"Wazee wangu wameheshimiwa," aliniambia. "Mimi je, nile heshima?"

Nilikuwa na shahada mbili.

Sasa nimestaafu, niko Butimba. Vijana wa ofisini huja kuniuliza kama mwongozo ule ulikuwa na faida kuliko hasara, nami huwaambia vilima vimeanza kuota tena na kwamba watoto wanazaliwa penye ubaridi. Wanayaandika hayo. Kisha huwasimulia safari yangu ya mwisho Misungwi, nao huacha kuandika.

Nilimkuta Nyamizi itongoni, kikundi chake kizima shimoni, mashine inafanya kazi. Alikuwa amekwenda kwenye ukoo, nyumba kwa nyumba, mpaka wakakubali kuitoa sehemu iliyobaki. Walikuwa wamechimba pote na kuacha katikati kipande kimoja cha ardhi kimesimama kama meza, kirefu kidogo kuliko mtu, nyasi zake hazijaguswa.

"Hapo kuna kaburi la nani?" niliuliza.

"Bado hakuna." Alipanda ukingoni, akakipima kwa macho kama mtu anayeangalia kitanda kipya. "Hilo ndilo sharti walilonipa. Aliyewachimba na yeye alale humu."

"Na wakija kuhitaji wodi nyingine?"

"Si nitakuwa nipo?" Alicheka, akarudi kuukamata mkono wa mashine. "Wapige hodi tu kwanza."