Gari Lililomzimikia Baba

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, na nina mdomo. Mambo haya mawili yakikutana siku mbaya, mtu anaumia. Aliyeumia ni baba yangu, na aliyemuumiza ni mimi, kwa hiyo sitajitetea.

Baba alifundisha shule ya msingi Fizi mpaka alipostaafu. Alibaki na gari dogo kuukuu, karibu rika langu, na kazi moja aliyojipa mwenyewe: kila Jumapili aliwapitia mama wazee wa kanisa, wale ambao magoti yao yamekataa safari, akawapeleka ibadani na kuwarudisha. Hakuna aliyemwomba. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyomfanya anyoe ndevu na kupiga pasi shati.

Kisha gari likaanza kuzimika. Halikukohoa kwanza kama gari lililoishiwa mafuta. Injini, redio, taa, vyote vilikatika kwa pamoja, na kabla baba hajafungua boneti umeme ulikuwa umesharudi.

“Inazimika yenyewe, mutoto yangu,” aliniambia. “Zaidi kwenye mashimo. Kisha inawaka, inanicheka.”

Nilifanya yote niliyofunzwa. Nilisafisha vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe, nikavikaza. Nilifuata waya wa masi, ule unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi, nikakwangua rangi pale mpaka chuma kikang'aa. Nilichomoa fyuzi moja moja. Nilitikisa nyaya kwa mkono injini ikinguruma. Mwisho nikaning'iniza balbu ya kupimia mbele ya macho yangu, nikawasha kwa ufunguo wangu wa akiba, nikaendesha mpaka daraja la Mutambala na kurudi, nikiyatafuta mashimo badala ya kuyakwepa. Balbu haikupepesa hata mara moja. Nikamrudishia baba gari, Jumapili likazimika. Nikalichukua tena, likaenda bila shida.

Ubovu unaokaa mahali pamoja hausumbui, unaukamata tu. Ule unaokuja na kuondoka unakufanya uanze kumtazama mtu badala ya gari. Watu walikuwa wananiletea magari kutoka Nundu, wengine kutoka Misisi kwenye barabara zile mbovu, wanasema fundi ni mimi. Na gari la baba yangu mzazi lilikuwa linanishinda, watu wakiona. Niliona aibu, na aibu yangu siku zote hutoka kama hasira.

Jumapili moja, kwenye mlima wa kupandia Fizi, gari lilikatika likiwa na mama watatu ndani. Likarudi nyuma, gurudumu likaingia mtaroni. Hakuna aliyevunjika, ila mama mmoja alikuwa analia akitafuta kiatu chake kwenye majani. Nilifika kwa pikipiki ya kukodi. Baba alikuwa ameshachomoa funguo zake. Nikatoa ufunguo wangu wa akiba mfukoni, nikawasha. Likawaka mara ya kwanza.

Hapo nikasema, mbele ya wale mama wote: “Baba, hii gari haina kitu. Ni wewe unazima kontakti na mukono yako, kisha unasahau. Umezeeka.”

Kontakti ni pale ufunguo unapoingia. Baba alipageukia pale, kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza.

“Siko nazima miye,” akasema polepole. “We unasema njo mi?”

“Njo wewe,” nikasema. Ndiye yeye, hakuna mwingine.

Mama aliyekuwa analia akaacha kutafuta kiatu. Baba akanipa funguo zake, zote, na kwenda kukaa kiti cha nyuma. Gari likasukumwa kutoka mtaroni, nikaliendesha mpaka Baraka nikidhani nimeshinda.

Kuanzia wiki ile hakuendesha tena. Hilo nililitegemea. Sikutegemea yaliyofuata. Kanisani, alikosoma somo miaka mingi, alikataa kusoma, akasema anaweza kuruka mstari bila kujua. Alianza kumwuliza mama yangu kama amefunga mlango, na mama akimjibu ndiyo, alikwenda kuushika. Akitia chumvi kwenye mboga alisimama na kijiko hewani. Sisi nyumbani tukatikisa vichwa tukasema, unaona, kweli uzee umeingia. Na mimi nilitikisa changu kuliko wote. Wale mama wazee walibaki makwao, Jumapili baada ya Jumapili.

Mwaka na zaidi ulipita. Gari nilikuwa nalo mimi, nikiliendesha kwa ule ufunguo wangu wa akiba, uliofungwa kwenye kamba ya kiatu. Siku moja ukavunjika, nikachukua funguo za baba, zilizokuwa zimetundikwa msumarini tangu siku ile.

Lazima nizieleze funguo hizo. Sisi tuliokimbia vita tukavuka ziwa tuna tabia hii: ufunguo hautupwi. Baba alikuwa na ufunguo wa nyumba tunayoishi sasa, wa kabati la kanisa, wa chumba tulichokaa ukimbizini ng'ambo, na wa nyumba yetu ya kwanza iliyochomwa. Kufuli la nyumba ile, la shaba, zito, alilikuta majivuni tuliporudi, nalo akalitia humo humo. Vyote hivyo alivifunga pamoja na ufunguo wa gari, kwa kuwa ndio ufunguo asioweza kuupoteza.

Nilifika kwenye shimo la karibu na soko. Gari likaruka, kufuli likayumba, injini ikakatika. Taa, redio, vyote. Kisha umeme ukarudi.

Nilikaa pale, pikipiki zikinipigia honi. Nikalivuta lile shada la funguo kwa kidole kimoja: umeme ukakatika. Nikaliachia: ukarudi. Nikavuta tena, na tena. Nikafungua kontakti pale pale barabarani, na ndani nikaona shaba imelika upande mmoja, kwa miaka ya kubeba uzito. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika ni la mkuu mwenyewe.

Nilikwenda mbio nyumbani. Baba alikuwa anaambua maharagwe uani. Nilipiga magoti, kitu nisichokuwa nimefanya tangu utoto, nikamweleza yote: kufuli, shimo, shaba iliyolika. Nikamwambia, “Baba, ulikuwa na haki. Haikuwa wewe. Unisamehe.”

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu, kama anavyosikilizwa mwanafunzi anayejitahidi.

“Aksanti, mutoto yangu,” akasema. “Najua unataka kunituliza roho. Lakini usijitese. Njo mi nilikuwa naizima.”

“Baba, nimeona na macho yangu!”

“We ni fundi. Ile siku ulipima, ukaona ni mi. Nami tangu ile siku najichunga, na naona ni kweli. Hii mikono inafanya vitu bila kuniambia.”

Nililia. Nikamshika mkono nikamwongoza mpaka kwenye gari, nikamkalisha kwenye kiti chake, nikachomeka ufunguo peke yake, mtupu. Nikamwomba awashe tu, aone. Alichukua muda mrefu. Kisha akauzungusha, na gari likawaka vizuri, likatulia. Nikasema, unaona, Baba?

Upesi akauachia ufunguo. Akaingiza mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia, isije ikagusa kitu. Akanitazama, akisubiri nimwambie ni lini anaweza kuitoa.