Simu Yenye Macho

Ofisini walimwita Sikio, na hakulichukia jina hilo. Alimaliza darasa la saba, akafundishwa kazi wiki tatu, akakalishwa mbele ya ubao wa simu wenye matundu mia na nyaya zilizosokotana kama matumbo. Mtu akipiga, yeye huchomeka waya huku na mwingine kule, mabwana wakazungumza. Kusikiliza maongezi kulikatazwa. Lakini kabla ya kuchomoa ilimbidi ajue kama wamemaliza au wamenyamaza tu, na hilo alilijua kwa sikio. Mtu anayewaza ana pumzi. Laini iliyokufa haina kitu.

Kila mwezi fundi wa mitambo alikuja kupangusa vumbi na kuwapa habari za kesho.

"Dada zangu, simu itaota macho. Mtu atakaa kwake amwone bosi uso kwa uso. Mashine itafanya kazi yote, saa sita mchana mko majumbani mmejinyoosha."

"Mungu apishe mbali!" alidakia mwenzake wa kiti cha pili, mcheshi asiye na breki. "Bosi anione na nywele hizi? Bora asubiri barua."

Walicheka hadi taa za ubao zikawaka zote bila wa kuzijibu. Mwenzake huyo ametangulia mbele ya haki, ubao uliuzwa kama chuma chakavu, na simu kweli imeota macho. Ile saa sita mchana tu ndiyo haijafika. Binti wa Sikio, kifungua mimba wake, hufanya kazi chumbani mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi giza. Zamani mtu alitoka ofisini akaiacha hukohuko. Huyu atoke aende wapi, na ofisi iko kando ya kitanda?

Alhamisi moja miezi ya majaribio ya binti ilifika ukingoni. Alitakiwa kuwaeleza wakubwa kazi aliyoifanya. Wakiridhika, mkataba. Wasiporidhika, kwaheri.

"Mama, nakuomba usiingie. Hata nyumba ikiungua."

"Ikiungua nikae tu?"

"Gonga kwanza."

Mama akakaa nje ya mlango na bakuli la maharage, akichambua bila kuyaona. Wakubwa walikuwa wamezima kamera, kama kawaida yao, wamebaki vijisanduku vyenye majina. Lakini sauti zilipenya. Mmoja alisema "ehee" kila mara, na nyuma yake feni ilivuma.

Mara feni ikanyamaza. Binti akaendelea kueleza. Hakuna "ehee". Hakuna pumzi.

Mama akaacha maharage, akategea sikio mlangoni. Huenda ni uzee. Huenda bwana yule kazima feni tu, naye akiingia atamharibia mtoto riziki yake. Akagonga. Akajibiwa kwa msonyo. Akagonga tena, kisha akafungua.

"Mama!"

"Hakuna mtu humo."

"Wananisikiliza!"

"Laini imekufa, mwanangu. Sema halo uone."

Binti akasema halo. Kimya. Akatazama pembeni mwa kioo cha kompyuta, akashika mdomo. Mtandao ulikuwa umekatika. Akaunganisha upya kwa simu yake ya mkononi.

"Ah, umerudi," ilisema sauti nzito, na feni yake. "Ulipotelea kwenye lile jedwali. Tulikuwa tunataka kufunga. Haya, anzia hapo."

Mama akageuka atoke. Binti akamshika mkono, akamwonyesha kitanda, mahali ambapo kamera haifiki. Akaketi na bakuli mapajani, mgongo wima, asiguse hata punje.

Binti alipomaliza, kukawa kimya tena, kimya kirefu. Akamgeukia mama yake, macho yamemtoka kwa hofu.

Mama akaitikia kwa kichwa. Wapo. Wanawaza.

Bwana wa feni akakohoa. "Umefanya kazi nzuri. Jumatatu njoo usaini mkataba." Kisha akacheka peke yake. "Aa, nimesahau. Siku hizi hakuna pa kuja. Nitakutumia."